Simama Hapo, Nakuja

Alhamisi ya pili ya mwezi wa Februari, saa nane mchana, nilimpoteza mume wangu. Saa nane ndiyo saa niliyofika getini. Inawezekana alikuwa ameshaondoka kabla ya hapo, lakini mimi nahesabu kuanzia saa nane, kwa sababu ndipo niliposikia sauti yake ikiniambia anakuja, nami nikaiamini.

Tunaishi Pasiansi. Ninaishi, niseme hivyo. Ulimi bado haujazoea. Nyumba yetu iko upande ule ambao mawe makubwa yanashuka hadi karibu na maji, na imeegemea jiwe moja lenye ukubwa wa nyumba nyingine. Kutoka mlangoni hadi getini kuna ngazi kumi na mbili, zimefuata mgongo wa jiwe. Asubuhi ziwa huwa jeupe, halina mwanzo wala mwisho, na mtu aliyesimama getini anaonekana kama amesimama hewani. Nimeolewa katika nyumba ile nikiwa msichana na bado kuna asubuhi naamka nadhani tunaelea.

Mume wangu alifanya kazi kwenye kivuko cha Kigongo na Busisi tangu ujana wake. Kazi yake ilikuwa kupanga magari. Alikuwa anatembea kinyumenyume mbele ya lori, mikono juu, akiliita kama mtu anayemwita ng'ombe mpole: njoo, njoo, njoo, polepole, simama hapo. Siku moja nilivuka naye, bado mchumba, nikaona basi zima lenye watu linamfuata yeye mtu mmoja mwembamba. Nadhani ndiyo siku niliyoamua.

Alipostaafu, sukari ikamshika. Mwaka uliofuata walimkata mguu wa kulia chini ya goti, akawa mtu wa kiti na magongo. Mimi nilikuwa bado kazini, mpishi wa shule ya msingi, natoka asubuhi narudi saa nane. Mchana kutwa alikuwa peke yake. Na hapo ndipo tatizo lilipoanzia.

Kwetu mtu akifika getini anapiga hodi. Anapiga mara tatu. Asipoitikiwa mara ya tatu anaondoka, kwa heshima tu, maana kuendelea ni kama kudai. Sasa mume wangu akisikia hodi ya kwanza anatafuta gongo. Ya pili anasimama. Ya tatu yuko mlangoni anaita karibu, lakini sauti inapotelea kwenye mawe. Akimaliza ngazi kumi na mbili, barabara tupu. Mara nyingine alikuwa anaona mgongo wa mgeni unapotelea kwenye kona.

"Leo nimepishana na watu wanne," aliniambia siku moja nilipotoka kazini. "Mmoja alikuwa na samaki. Nimesikia harufu imebaki."

Alicheka, lakini hakula vizuri siku ile.

Binti yetu anaishi Dar es Salaam. Alipokuja likizo alileta kengele yenye kamera, kitu cheusi kama sabuni ya kipande, kina jicho juu na kitufe chini. Ilikuwa inatumia betri. Aliifunga kwenye nguzo ya geti kwa skrubu mbili, akaiunganisha na simu ya baba yake. Mtu akibonyeza, sura inatokea kwenye simu na baba anaweza kumjibu palepale kwenye kiti. Na kama hakujibu kwa muda fulani, kengele yenyewe inamjibu mgeni kwa maneno yaliyorekodiwa.

"Sasa baba, sema maneno," binti alimwambia. "Mwambie mgeni asubiri."

Mzee akasafisha koo. Sijui kwa nini aliona lazima asimame, akasimama kwa magongo yake katikati ya sebule. Akasema: "Njoo, njoo, polepole. Simama hapo hapo. Nakuja."

Tulicheka mpaka binti akakaa chini. "Baba! Huyo ni mgeni, si lori!"

"Ataelewa," akasema. "Hata lori lilikuwa linaelewa."

Hakukubali kurekodi mara ya pili.

Wiki za mwanzo hakuna aliyebonyeza. Watu walisimama mbele ya lile jicho wakalipigia hodi. Wengine walilisalimia shikamoo. Mume wangu akaandika kwa chaki getini, BONYEZA, na mvua ikifuta anaandika tena. Taratibu wakazoea. Hodi ikawa inapigwa kwa kidole, kisha wanasimama walipoambiwa, na yeye anashuka ngazi zake kumi na mbili bila haraka, na anamkuta mtu.

Mimi nilikuwa na simu ya kitochi na sikuipenda ile kengele. Nasema ukweli. Niliona ni mdoli wa watu wa Dar. Kilichonifurahisha ni mambo iliyokuwa inayaona. Kuna wadudu wa ziwani, wadogo, wanapanda juu ya maji kama moshi na upepo ukigeuka wanaingia mitaani. Wakipita getini kengele inadhani ni watu. Simu inalia, mzee anaangalia, anaona moshi unatembea. Na kuna korongo wale wakubwa wenye vichwa vya upara, wanaosubiri mabaki ya samaki. Mmoja alipenda kusimama pale getini.

"Mama, njoo umwone mgeni wako," mume wangu alikuwa ananiita. "Amevaa koti, hataki kubonyeza."

Wadudu na korongo ndio waliomaliza betri, alisema. Kila baada ya wiki kadhaa aliibandua kwenye kibao chake kwa kipini kidogo cha chuma kilichokuja nayo, akaichaji kwa waya wa simu yake, akairudisha. Hiyo ilikuwa kazi yake na alikuwa anaitayarisha tangu asubuhi, kipini kimekaa kwenye sahani. Nyuma ya kengele kulikuwa na kitufe kingine kidogo, na kila mara alikuwa ananionyesha. "Hiki usiguse. Ukikishikilia kinafuta kila kitu, inakuwa kama imetoka dukani."

Alhamisi ile nilirudi na sufuria ya makande yaliyobaki shuleni. Mikono yote ilikuwa na kazi, nikabonyeza kwa kiwiko. Nikasubiri aniulize kama kawaida yake, "Ni wewe mpishi, au ni korongo?" Hakuuliza. Kengele ikanyamaza, halafu ikasema: Njoo, njoo, polepole. Simama hapo hapo. Nakuja.

Nilijua tofauti. Hiyo ndiyo ninayotaka kuiandika bila kuipaka rangi. Nilijua kwamba maneno yale yanasemwa na kengele wakati yeye hajashika simu. Lakini ilikuwa sauti yake, na ilisema nakuja, nami nikasimama. Niliweka sufuria kwenye jiwe. Ziwa lilikuwa limelala, jeupe hata mchana ule. Nikamnung'unikia kidogo moyoni, kwamba siku hizi anachelewa. Nikaangalia ndege inashuka kuelekea uwanjani. Nilisimama kama robo saa, nimetii, kama yale mabasi.

Halafu nikamwita jirani akaruka ukuta, maana geti lilikuwa limefungwa kwa ndani. Mume wangu alikuwa kwenye kiti chake, kichwa kimeinama kama anayesoma, simu iko mapajani. Daktari alisema ni moyo, na kwamba ulisimama ghafla. Sikumuuliza kama robo saa ingesaidia. Niliogopa jibu lolote kati ya yale mawili.

Siku za msiba geti halikufungwa, kama ilivyo desturi. Watu waliingia na kutoka, na kengele ikawaona wote na kuwasha taa yake kwa kila mmoja. Tulipoanua tanga, vitu vya marehemu vikagawanywa. Magongo yakaenda kanisani. Redio kwa jirani aliyeruka ukuta. Simu nikampa wifi yangu, dada yake wa pekee, anayeishi ng'ambo ya Busisi, kwa sababu ya kwake ilikuwa imepasuka kioo. Nilimpa mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, pamoja na waya wake wa kuchajia. Wifi naye akafanya ambalo wengi kwetu wangefanya: alipeleka simu kwa fundi ikasafishwe kabisa, maana si vizuri kutembea na ujumbe wa mtu aliyelala.

Mimi sikujua kwamba ile simu ndiyo ilikuwa mwenye mlango.

Binti yangu alinieleza kwa simu. "Mama, kengele inaitambua simu ya baba tu, na namba ya siri alikuwa nayo kichwani. Nikitaka kuiunganisha na simu nyingine ni lazima niifute kwanza."

"Na maneno yake?"

"Maneno yamo ndani ya kengele yenyewe. Nikiifuta, yanafutika."

"Basi usiiunganishe."

"Lakini mama, haitakuwa na kazi. Hutamwona mtu."

"Sitaki kumwona mtu," nikasema.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwenye nguzo ya geti langu kuna maneno machache ya mume wangu, na hayapo mahali pengine popote duniani. Picha ninazo. Shati lake ninalo. Sauti ilikuwa pale tu, nje, penye mvua na wadudu.

Nikawa nabonyeza. Kila siku nikirudi kazini, kabla ya kuingiza ufunguo. Nabonyeza, nasimama, ananiambia nisimame, anasema anakuja, nafungua mwenyewe, napanda ngazi. Siku nyingine nilibonyeza mara mbili. Ilikuwa kama usingizi wa mchana, ule ambao unasikia watu wanaongea chumba cha pili na hutaki kuamka. Wakati ule ulipita hivyo, sikumbuki nilipika nini shuleni.

Wifi alikuja kunisalimia wiki moja, akabonyeza bila kufikiri kwa mazoea. Nilimkuta ameketi chini kando ya barabara, mkoba umeanguka.

"Wifi, kifute kile kitu," alisema. "Marehemu hakai getini. Kaka yangu tumemzika, mbona bado anatusimamisha barabarani?"

"Sikifuti."

"Basi mimi siji tena hapa mpaka kitoke."

Na kweli hakuja.

Baada ya Pasaka taa ya kengele ikaanza kuwaka nyekundu. Nilijua maana yake, betri inakwisha. Nilichana kipande cha kanga nikalifunika lile jicho, ili lisione wadudu wala korongo, lisipoteze nguvu bure. Watu walidhani ni ya kuomboleza. Nilipomwambia binti kwamba wadudu wamemaliza betri, niliwasingizia. Niliimaliza mimi.

Kipini kilikuwa bado kwenye sahani. Mara tatu nilikishika nikashuka ngazi na mara tatu nikarudi, kwa sababu ya kile kitufe cha nyuma. Vidole vyangu ni vya kukoroga ugali wa watoto mia tatu, si vya vitu vidogo. Nikaona nikiichaji leo, itabidi niishushe tena mwezi ujao, na mwezi mwingine, na siku moja kidole kitateleza. Nikamwita fundi umeme, mtu mzima tunayeimba naye kwaya.

Alikuja Jumamosi asubuhi. Ukungu ulikuwa bado haujainuka, nikamwona getini bila miguu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba fundi. Umebonyeza?"

"Nimeogopa. Wamenisimulia."

Nilimweleza ninachotaka: kengele ipate umeme wa waya, isishushwe tena, na kitufe cha nyuma kisiguswe. Alisikiliza, hakucheka. Kwenye nguzo kulikuwa na waya wa zamani, wenye nyuzi mbili nyembamba ndani ya bomba, wa kengele ya kawaida aliyokuwa nayo mwenye nyumba wa kwanza. Fundi alifurahi kuuona. Akaufuata hadi ndani, akakuta umeishia kwenye kisanduku kidogo kando ya meinswichi, juu kabisa, kimejaa vumbi na nyuzi za buibui. Miaka yote ile tulidhani ni kitu cha mita.

"Hii ni transfoma," akasema. "Inashusha umeme wa nyumba uwe mdogo. Mafundi wengi hawajui, wanachukua umeme mkubwa wa ukutani wanaupeleka moja kwa moja kwenye kengele. Ya zamani ingelia. Hii yako ingekufa hapo hapo."

Nilishika ukuta.

"Sijafanya hivyo, mama. Nasema tu."

Akagusa nyaya kwa mita yake, akasoma. "Inatoa volti nane. Maandishi ya kengele yanataka kuanzia kumi na sita mpaka ishirini na nne. Ni kumpa mtu mzima uji wa kichanga. Atakunywa, lakini hatasimama."

Akaenda kutafuta transfoma nyingine mjini. Saa alizokuwa hayupo niliketi kwenye ngazi ya tatu. Ukungu ukainuka, ziwa likarudi kuwa ziwa. Niliitazama kengele yangu yenye kitambaa na taa nyekundu, na nikajiuliza, kama maneno yakipotea, nitakuwa nimempoteza mara ngapi. Sikupata hesabu. Wakati nimekaa hivyo, ile taa nyekundu ikazimika.

Sikupiga kelele. Nilibonyeza mara moja, taratibu. Hakuna kitu.

Fundi aliporudi nilimwambia tu, "Imezimika."

"Kuzimika siku zote si kufa," akasema, lakini niliona ameacha kuniangalia. Akazima umeme wa nyumba nzima. Akafunga transfoma mpya kando ya meinswichi. Akashuka, akatoa kengele kwa kipini changu, akaigeuza. Mimi nilishika kitambaa na macho yangu yalikuwa kwenye kidole chake gumba, na kile kitufe kidogo kando ya gumba lile. Alilegeza skrubu mbili za nyuma, akazungusha waya mmoja huku na mwingine kule, akakaza. Jasho lilimshuka puani akalifuta kwa bega ili mikono isitikisike. Kisha akairudisha kwenye kibao chake, tukasikia tiki.

Wakati huo bodaboda ikasimama. Alikuwa wifi yangu. Nilikuwa nimempigia wiki iliyopita kuuliza kama bado anao ule waya wa kuchajia, akanijibu anao, akakata. Sasa alikuwa ameushika mkononi, umekunjwa na kufungwa mpira.

"Nimeuleta," alisema. Hakusogelea geti. "Nimepita juu ya daraja jipya, wifi. Pale chini kwenye kivuko patupu, hakuna mtu. Nimevuka, hakuna hata mmoja wa kuniambia simama."

Nikampokea mkoba. Fundi alikuwa ameshapanda ngazi kwenda kuwasha umeme, akatuita kutoka juu:

"Nawasha! Msibonyeze mpaka taa iwake!"

Tulisimama wawili mbele ya kile kitu cheusi. Nilitoa kitambaa. Muda ulipita ambao siwezi kuupima. Halafu kuzunguka kitufe kukatokea duara la bluu, hafifu, likakatika, likatokea tena.

"Bonyezeni!" fundi akaita.

Mkono wangu ulikataa. Niliuona uko pale, mkono wa mpishi, umeshika kipande cha kanga, na haukwenda. Nilimgeukia wifi nikadhani atakuwa ameshafika barabarani. Alikuwa karibu yangu. Akanyoosha kidole, akabonyeza, akarudi nyuma hatua moja.

Kengele ikalia pale getini. Ikanyamaza. Bodaboda ilikuwa imezima injini, na maji yalisikika yakipiga mawe kule chini. Nikaanza kuamini kwamba imekuwa kama imetoka dukani.

"Njoo, njoo, polepole. Simama hapo hapo. Nakuja."

Wifi yangu alisimama. Alisogeza miguu ikawa sawa, kama mtoto mstarini, akaweka mikono pembeni. "Nimesimama, kaka," akasema.

Hatukutikisika, wote wawili, mpaka fundi aliposhuka na kutufungulia geti, bisibisi iko mdomoni.

"Imesema?" akauliza.

"Imesema."

Wifi alikuwa anafuta uso kwa ncha ya kitenge. Aliingia, akapanda ngazi mbili, akageuka. "Wifi, niibonyeze tena? Mara moja tu."

Niliangalia duara la bluu, likiwaka na kuzima.

"Iache," nikamwambia. "Ijae kwanza."

Akanipa ule waya, nikautia mfukoni mwa gauni, tukapanda kwenda kumtengenezea fundi chai.